Kikao cha Wazazi Hupangwa kwa Mwezi

Mara nyingi tukizungumza nanyi huwa ni mishono: gauni la bi harusi, mkono wa abaya, bitana isiyovuta. Leo tunaomba tuweke mkasi pembeni. Kikao chetu cha wazazi kimekaribia, na tunajua miongoni mwenu wako walimu wa chekechea, wa madrasa na wa shule. Wako pia mabibi harusi ambao miaka si mingi, inshaAllah, mtakuwa mmekaa kwenye kiti cha mzazi. Basi tukasema tuwaandikie namna tunavyojiandaa.

Sisi ni wawili, mtu na wifi yake. Duka letu la ushonaji liko Ujiji, na chumba cha nyuma ndicho darasa. Wasichana huja baada ya adhuhuri, kumi na wawili kwa awamu, miezi tisa, kuanzia Mfungo Sita hadi Mfungo Pili. Wengi wamemaliza kidato cha nne na matokeo hayakuwapeleka mbele, wachache waliishia darasa la saba. Sisi wenyewe tuna cheti cha kidato cha nne na kozi ya cherehani, basi. Hakuna aliyetufundisha namna ya kukaa na mzazi. Tumeijua kwa kukaa nao.

Tuanze na ukweli kwamba neno lenyewe, kikao, linatisha. Ukilitaja mbele ya mzazi, mkono wake unakwenda mfukoni. Kwa miaka mingi kikao cha shule kilimaanisha mchango: wa dawati, wa mlinzi, wa uji, wa tofali. Serikali ilitoa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, na kuanzia Januari 2016 ada ikaondoka katika shule za serikali hadi kidato cha nne, lakini hofu ya mzazi haikuondoka na ada. Halafu kuna aibu. Sisi ni mama pia, na tumewahi kukaa kwenye kikao cha shule ambayo hatutaitaja, majina yakasomwa kwa sauti kutoka mtoto wa kwanza hadi wa mwisho. Mama wa yule wa mwisho alijifunika khanga hadi puani. Kikao kilichofuata hakuonekana, na nani angemlaumu?

Siku hizi kuna Ushirikiano wa Wazazi na Walimu, UWAWA kwa kifupi, ambao mradi wa Shule Bora umeutilia nguvu kwenye shule za msingi katika mikoa tisa, na Kigoma imo. Tunaupenda kwa sababu unamwingiza mzazi shuleni akiwa mwenzi wa kazi, si mdaiwa. Darasa letu si shule ya serikali wala hatuna mradi wowote, lakini nia ile ile tunaitafuta kwenye chumba chetu chenye cherehani sita.

Kwetu jambo la kwanza ni tarehe. Ninyi mnaoishi na bahari mtatuelewa haraka. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa wengi wanatumia taa za betri. Ule mwanga ndio unaowavuta dagaa wakusanyike. Mbalamwezi ikiwaka juu ya ziwa zima, taa haina kazi tena. Kwa hiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi hupumzika mchangani, na akina baba wako nyumbani wanashona nyavu na kulala usingizi wao wote. Akina mama wanaonunua dagaa alfajiri na kuwaanika, wale wa Kibirizi na Katonga, nao wanapata nafasi ya kujinyoosha mgongo.

Sasa mwezi mpevu huangukia tarehe ngapi za Kiislamu? Kumi na tatu, kumi na nne, kumi na tano. Ayyamul Bidh, zile zile siku nyeupe za kufunga sunna. Hatukuhitaji kalenda nyingine. Tunaweka vikao vitatu kwa mwaka, katikati ya Mfungo Sita, Rajab na Mfungo Pili, vimepishana miezi minne minne. Ramadhani tunaiepuka kwa sababu kila fundi anajua nguo za Idd zinavyomkalia shingoni. Cha Mfungo Sita ndicho cha kufahamiana, wasichana wakiwa ndio kwanza wamefika. Saa yetu ni baada ya sala ya alasiri. Na kwa kuwa wazazi wengi siku hizo wamefunga, hakuna gharama ya chai na maandazi. Tunasema hivyo kwa utani, lakini wenye biashara ndogo mnajua si utani wote.

Mtatuuliza kwa nini tunamtafuta baba kiasi hicho wakati mama huja siku zote. Ni kweli, mama huja. Lakini neno la kumtoa binti darasani, au kumwacha amalize, mara nyingi hutoka kwa baba, naye hulitoa akiwa amechoka, ametoka ziwani, bila kuona alichoshona mwanawe hata siku moja. Tunataka aone kwanza.

Maandalizi yenyewe huanza mwezi mmoja kabla. Tuna daftari la mahudhurio kama darasa lolote, na pembeni yake tuna daftari jingine ambalo kila msichana ana ukurasa wake. Humo tumejikataza neno moja: anajitahidi. Anajitahidi ni neno la mtu asiyemjua mtoto. Badala yake tunaandika kilichotokea na siku yake: Jumatatu alifumua pindo mara tatu bila kununa. Alhamisi alimfundisha mwenzake kutia bobini. Wiki ya pili alichelewa siku nne, zote za soko. Ukikaa na mzazi ukamwambia "Alhamisi iliyopita alimfundisha mwenzake," uso wake unabadilika, anajua kweli unamwona mwanawe. Chini ya ukurasa tunaandika ombi moja kwa nyumbani. Moja tu. Ukimpa mzazi maombi matano ataondoka na hasira na hata moja hatalitimiza. Kwa yule wa kuchelewa ombi lilikuwa asipelekwe sokoni saa nane, apelekwe asubuhi, na mama yake akacheka akasema hakujua kama darasa linaanza saa nane.

Kingine ni mfuko. Kila msichana ana mfuko wake wa kitambaa, ameushona mwenyewe, na kila kazi yake humo ndimo inamowekwa, tangu siku ya kwanza. Siku ya kwanza hawashoni kitambaa. Tunawapa karatasi la mfuko wa saruji lenye mistari, wapitishe sindano isiyo na uzi juu ya mstari. Karatasi lile la kwanza huwa kichekesho, matundu yanakwenda kama kuku aliyekatwa kichwa. Hatulitupi. Linakaa chini kabisa mwa mfuko, juu yake mshono ulionyooka, juu yake pindo, mfuko wa kiraka, sketi, gauni. Siku ya kikao mzazi anatoa kimoja kimoja kwa mkono wake mwenyewe.

Hatuandiki ripoti ya karatasi. Wazazi wetu kadhaa hawasomi, na kumpa mtu karatasi asiloweza kulisoma mbele ya mwanawe ni kumdhalilisha. Nguo wote wanaisoma. Na hapa Ujiji tuna bahati ambayo walimu wa mjini hawana: baba mvuvi ni mshonaji. Ameshika sindano ya nyavu tangu utotoni. Baba mmoja aliukunja mshono wa binti yake, akauvuta kwa vidole gumba viwili kama anavyojaribu fundo la wavu, akavuta tena, akasema, "Huu hauachii." Basi. Hakuongeza neno, akaukunja akaurudisha mfukoni taratibu. Yule binti alikaa wiki nzima akiwa mrefu kuliko kawaida yake.

Chumba nacho kina adabu zake. Tunatoa viti vya kazi, tunatandika mkeka, kila mtu anakaa chini sawa na mwenzake. Mlango uko wazi na pazia limefungwa juu. Wote wawili tunakuwepo, maana hatuwezi kukaa mwanamke mmoja na baba wa watu ndani ya chumba. Khalwa ni khalwa hata ukiwa mwalimu. Wazazi wengine wanasubiri barazani, mbali kidogo, na redio ya jirani inatusaidia wasisikie ya mwenzao. Anaingia mzazi mmoja, au mume na mke, pamoja na binti yao.

Binti kuwepo ni jambo tunalolishikilia. Suratul Hujurat, aya ya 12, inatukataza kumsema mtu nyuma yake kwa analolichukia, na hatujaona mahali palipoandikwa kwamba mwalimu ameruhusiwa. Kama lina haja ya kusemwa, lisemwe yeye akiwepo na apate kujibu. Na kumlinganisha na mwenzake, "fulani amefika kwenye zipu wewe bado," hilo hatulifanyi. Yule fulani ana mama yake barazani pale.

Tunaanza sisi kwa shikamoo. Wengi wao ni wakubwa kwetu, na kuitwa mwalimu hakumwongezei mtu umri. Tunauliza ziwa, tunauliza wagonjwa, halafu mfuko, halafu ndiyo daftari. Na hata kwenye daftari tunasema "binti yetu", na hilo halikutoka kwenye ujanja. Amana ukipewa, unaitaja kama kitu unachokitunza na mwenyewe.

Pesa hazizungumzwi siku hiyo. Hili tunaomba mlishike, hasa mlio na madrasa na vituo vya watoto vya ada ndogo ndogo. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa shughuli za uvuvi miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wapate kuzaliana. Nchi zote nne za ziwa zilikuwa zimekubaliana. Kwa samaki ni heri. Kwa nyumba za Ujiji ilikuwa miezi mirefu. Kikao chetu cha Mfungo Pili kiliangukia wiki moja hivi baada ya ziwa kufungwa. Mngedhani tungejaza chumba, maana akina baba walikuwa nyumbani usiku na mchana, giza na mbalamwezi. Walikuja watatu. Mtu anayedaiwa ada hapiti hata mtaa wa mwalimu, anazunguka. Tukatuma ujumbe kwa wasichana, kisha tukapita wenyewe kwa wake zao: njooni mwone kazi, daftari la ada tumelifungia kabatini na ufunguo uko kwa mama mkwe. Wiki iliyofuata walikuja saba. Ada ilikuja baadaye, nyingine kwa migebuka, na mmoja alitulipa kwa kutengeneza paa la duka.

Sasa tuje kwenye kile kikao kilichotunyima usingizi. Ilikuwa Rajab ya mwaka mwingine. Binti wa miaka 19, mkono mwepesi, mkimya, alituambia akipiga pasi kwamba ameposwa na nikahi ni Mfungo Mosi, baada tu ya Idd. Hakulia wala hakufurahi mbele yetu. Alisema tu, "Zipu sitaifikia."

Dada zetu, sisi tunaishi kwa harusi. Hatuna neno na ndoa, na kijana tulimsikia ni mtu wa sala na kazi. Sheria nayo haikuwa na la kusema. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inampa kifungo cha miaka 30 anayemuoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, lakini binti yetu alishamaliza shule, ni mtu mzima, na walii wake ni baba yake. Kilichobaki ni mazungumzo ya robo saa juu ya mkeka. Kwa hiyo tulijiandaa kuliko siku zote. Usiku ule tuliandika kwenye ukurasa wake safu mbili. Safu moja, anachokiweza sasa na kinaleta nini: kupunguza gauni, pindo, sketi ya mpira, kazi za shilingi 2,000 na 3,000. Safu ya pili, kilichobaki: mikono, zipu, kola, kanzu. Gauni lenye mikono na zipu dukani kwetu ni shilingi 15,000. Tukakubaliana pia tusichosema. Tusiseme "mwacheni kwanza", tusiseme "bado mdogo", tusiseme kitakachomfanya baba ajitetee mbele ya mkewe.

Alikaa, akaitikia shikamoo, akasema, "Walimu, mimi nimekuja kuwaaga. Binti ameposwa, alhamdulillah. Cherehani atamalizia huko huko kwa mumewe."

Tukampa hongera, tukaomba dua pamoja naye. Kisha tukamsogezea mfuko kama tunavyomsogezea kila mzazi. Akatoa karatasi la saruji akacheka. Akatoa sketi. Akatoa gauni, akalinyoosha juu ya magoti, akaligeuza, akatuangalia.

"Mikono iko wapi?"

"Mikono ni kuanzia Shaaban, baba."

Alilishika lile gauni kitambo. Halafu akasema, si kwetu, kama anajisemea, "Basi huu ni mtumbwi bila kafi." Mkewe, aliyekuwa kimya muda wote, ndiye aliyepenyeza kwamba kijana mwenyewe nyumba yake haijapauliwa. Sisi hatukutia neno. Tulimpa daftari mama, yeye anasoma, akamsomea mumewe zile safu mbili pole pole. Darasa lilikuwa linaisha Mfungo Pili. Kati ya Idd ile na Idd ya Kuchinja ni siku kama sabini tu. Baba akasema atazungumza na wenzake wa Mwandiga.

Kisha akamgeukia binti, na hili hatukuwa tumeliandaa, akamuuliza, "Na mahari umetaka nini? Sijakuuliza." Binti akaangalia mkeka. Tukasikia redio ya jirani vizuri sana. Akasema, "Cherehani, baba. Ya miguu."

Ninyi mabibi harusi mnajua, mahari ni haki yako wewe, si ya baba, si ya shangazi, na unaweza kuitaja. Upande wa kijana walinung'unika kidogo. Shangazi mmoja alitaka kujua ni nani amemtia binti maneno. Mwisho walikubali, fedha taslimu zikapungua, cherehani ikaingia, nikahi ikasogezwa Mfungo Tatu baada ya Idd. Leo anashona barazani kwake Mwandiga. Mikono anaiweka vizuri, zipu anaitia bila kufumua. Kola bado inamsumbua, na anakuja Jumamosi moja moja na kitambaa chake mkononi.

Sio wote. Mwaka ule ule kuna aliyeondoka Shaaban, baba yake alikuja kikaoni, akaangalia mfuko wote, akasema kazi ni nzuri na binti anaondoka. Mfuko wake uko kwetu juu ya kabati, hatujaufungua.

Awamu hii tunao kumi na wawili tena, na kurasa kumi na moja tayari zimeandikwa. Ukurasa wa kumi na mbili ndio unaotukalisha. Binti anaishi Kibirizi na bibi yake, wazazi wako ng'ambo, upande wa Kongo, na kikao kilichopita hakuja mtu. Tulidhani ni ada, kumbe bibi miguu haimbebi kutoka kitandani hadi mlangoni. Tumekwisha pima gauni la mwisho la binti, limebaki kupigwa pasi. Kesho baada ya alasiri tunafunga duka mapema, tunapanda bajaji, tunampelekea bibi mfuko.